Subaru inavuja oili? Lipia tochi kabla ya spana

Leo naomba siasa ikae pembeni kidogo tuongelee kitu kinachowagusa vijana wengi wa mjini: lile doa jeusi linalobaki chini asubuhi ukishaondoa gari. Nawalenga hasa nyie wa Subaru Impreza WRX, ile yenye turbo na mdomo wa hewa juu ya boneti, ambayo jirani anajua umerudi kabla hujafika getini.

Hoja yangu ni hii. Gari linapovuja oili, wengi wetu tunalipa injini ifunguliwe kabla hatujalipa mtu atafute oili inatokea wapi. Tunalipia spana, tochi hatutaki kuilipia. Halafu tukishapoteza hela tunasema mafundi wa Bongo wezi. Wezi wapo, sikatai. Lakini sehemu kubwa ya tatizo tumeitengeneza sisi wenyewe wenye magari, na leo nataka tuambiane ukweli.

Kwanza tulijue gari lenyewe. Impreza ilitoka mwaka 1992, na kwetu Afrika Mashariki ilipata jina kwenye vumbi la Safari Rally. Colin McRae alishinda nayo mwaka 1997, na Richard Burns akashinda na Impreza mwaka 2000. Ndiyo maana ukienda Nairobi hadi leo, ukitaja Subaru kijana anakaa sawa kwenye kiti. Injini iliyotumika kwenye WRX nyingi zinazotembea huku ni EJ20, ya lita 2.0. Ukoo huo wa injini ulianza mwaka 1989 kwenye Legacy, ukaenda mpaka mwaka 2019 Subaru walipotangaza toleo la mwisho kule Japani, magari 555 tu. Namba hiyo mashabiki wa rali wanaijua, ilikuwa ubavuni mwa magari yao ya buluu.

Sasa EJ20 ni boksa. Silinda zake nne zimelala, mbili kushoto na mbili kulia, pistoni zinarushiana kama mabondia wawili. Raha yake ni kwamba injini inakaa chini na gari linatulia kwenye kona. Shida yake ni kwamba silinda hedi, ambazo kwenye Corolla ziko juu, hapa ziko ubavuni. Ile tapeti kava, mfuniko unaofunika kamshafti, inakuwa imesimama wima, na oili inakaa muda wote kwenye ukingo wake wa chini. Gasketi ya huko chini ikikakamaa, oili haina sababu ya kubaki ndani. Na chini ya hapo hapo zinapita bomba za ekzosi, za moto kweli kweli. Ile harufu ya kuungua inayoingia ndani ukisimama kwenye taa, mara nyingi ndiyo hiyo. Tone linakaangwa.

Ongeza na umri. WRX nyingi zilizopo mtaani zimeingia zikiwa zimetumika Japani, na leo zina miaka kumi na tano, ishirini na zaidi. Raba ya sili na gasketi ikipikwa miaka yote hiyo inakuwa ngumu kama plastiki. Kwa hiyo kuvuja si ajabu na si laana. Suali ni inavuja wapi, kiasi gani, na kwa nini.

Na hapo ndipo gereji zetu zinapochemka. Oili haikai ilipotokea. Inashuka chini, halafu gari likikimbia upepo unaisukuma nyuma, inapaka kila kitu njiani. Sehemu inapodondokea inaweza kuwa mbali kabisa na tundu lenyewe. Kwenye WRX karibu kila uvujaji unaishia pale injini inapokutana na giaboksi, maana ndipo chini na ndipo nyuma. Fundi anaingia uvunguni, anaona pamelowa, anatoka na jibu: "Hiyo sili ya nyuma bosi, tushushe giaboksi." Kazi ya siku nzima au zaidi, na hujanunua hata spea moja.

Kuna jamaa ninayefanya naye kazi yalimkuta hayo. Giaboksi ilishushwa, sili ikabadilishwa, klachi nayo ikabadilishwa kwa kuwa tayari wameshafika huko. Wiki mbili baadaye doa likarudi pale pale. Fundi wa pili hakushika spana. Aliosha injini, akaiwasha, akakaa na tochi. Ilikuwa swichi ya presha ya oili, kidude kidogo kilichofungwa juu ya bloku chini ya alteneta. Oili ilikuwa ikitoka pale juu, inateremka na bloku hadi nyuma. Swichi ni rahisi, na kuibadilisha haichukui hata nusu siku. Sasa fikiria hela iliyokwenda kwenye giaboksi.

Kwa hiyo naombeni mjue uchunguzi wenyewe unakwendaje, ili siku fundi akiufanya muutambue, na asipoufanya mumuulize.

Kwanza hakikisha ni oili ya injini. Laza kadibodi safi chini ya gari usiku kucha, weka alama upande wa mbele. Oili ya injini ina rangi ya asali ikiwa mpya na nyeusi ikiwa imetumika. Hydroliki ya stelingi au ya giaboksi ya otomatiki kwa kawaida ni nyekundu. Maji ya rejeta ni ya kijani, buluu au pinki na yana harufu ya utamu. Oili ya giaboksi ya manyuo ni nzito na inanuka vibaya, kama kiberiti. Hilo la mwisho ni muhimu sana, maana giaboksi yenyewe inaweza kuvuja karibu na hapo hapo na injini ikasingiziwa.

Pili, pima. Gari likiwa sehemu tambarare na injini imepoa, toa dipstiki, futa, rudisha, toa tena. Andika tarehe, kilomita na ilipofika oili. Rudia baada ya wiki. Injini hii inabeba lita nne na kidogo tu, na kati ya alama ya chini na ya juu ni kama lita moja. Kujua umepoteza robo lita kwa kilomita elfu moja ni tofauti kabisa na kusema "inavuja vuja".

Tatu, osha. Huwezi kupata chanzo kwenye injini yenye tope la miaka mitano. Injini iwe ya baridi, alteneta na umeme vifunikwe, ipakwe dawa ya kuondoa grisi, isuguliwe kwa brashi na isuuzwe taratibu. Usiruhusu kijana wa kuoshea magari aipige kwa mashine ya presha kubwa, utabadilisha tatizo la oili kuwa tatizo la umeme.

Nne, endesha dakika ishirini, rudi, pandisha gari kwenye stendi imara au shimoni (kwenye jeki peke yake mtu asiingie chini, jamani), toa kinga ya chini, washa tochi. Kanuni ni moja: tafuta sehemu ya juu kabisa na ya mbele kabisa iliyolowa. Sehemu inayodondosha sana isikuvute macho, chanzo kiko huko juu na mbele. Kama oili inatoka polepole, endesha siku mbili kisha angalia tena. Ukinyunyiza poda ya mtoto kwenye sehemu kavu unayoishuku, njia ya oili inaonekana kama mto kwenye ramani. Kuna pia rangi maalumu inayotiwa ndani ya oili, ukimulika kwa taa ya UV inang'aa kijani au njano, hakuna tena cha kubishana.

Sasa washukiwa wa kawaida kwenye EJ20 ya turbo ni hawa, kuanzia wa rahisi kwenda wa gharama.

Juu kuna ile swichi ya presha, kuna bomba la kujazia oili lenye raba ya mviringo chini yake, kuna mipira ya kupumulia. Ubavuni kuna gasketi za tapeti kava, pamoja na sili za matundu ya plagi. Hizi sili zikichoka oili inajaa kwenye tundu la plagi, koili inalowa na gari linaanza kukosa. Ukichomoa plagi ikatoka na oili kwenye shingo, umepata jibu bila kulala chini. Kwenye turbo kuna mpira mfupi wa kurudisha oili kwenye injini, unaopikwa kila siku. Karibu na filta kuna raba nyingine ya mviringo.

Mbele, nyuma ya kava la taimingi belti, kuna sili ya krenkishafti, sili za kamshafti na pampu ya oili. Skrubu za bamba la nyuma ya pampu hiyo zinajulikana kwa kulegea. Uvujaji wa huku usiuchezee, maana oili ikilowesha belti inaiharibu, na EJ20 ya kamshafti mbili kila upande ni injini ambayo belti ikikatika pistoni zinagonga vali. Belti ikikatika barabarani, hedi zinatoka. Kama muda wa taimingi belti umekaribia, yaani kama kilomita laki moja au hujui ilibadilishwa lini, fanya vyote kwa pamoja, kazi ya kufungua ni ile ile.

Nyuma kabisa, giaboksi ikishatoka, kuna sili ya nyuma ya krenkishafti na kuna bamba la kutenganisha oili na hewa. Kwenye injini nyingi za zamani bamba hilo lilikuwa la plastiki na lilipinda kwa joto, dawa yake ni kuweka la chuma. Mara nyingi ndilo linalovuja, na sili inayolaumiwa ni kavu kabisa. Fundi anayejua akifika huko anakuita uone kabla hajang'oa kitu.

Kuna mtuhumiwa mwingine anayesahaulika karibu kila gereji: pumzi ya injini. Ndani ya bloku kuna gesi zinazopenya kwenye ringi za pistoni, na zinatakiwa zitoke kupitia vali ndogo ya PCV na mipira yake. Vali ikiziba, presha inapanda ndani na oili inasukumwa nje popote penye udhaifu. Hapo unaweza kubadilisha sili zote na mpya nazo zikavuja. Vali hiyo ni ndogo na inabadilishwa kwa dakika chache. Mbona hatuanzi nayo?

Tuje kwenye kutengeneza. Hapa nina ugomvi na silikoni. Imekuwa dawa ya kila ugonjwa, kama vile Panadol. Unaona injini imepakwa silikoni nyekundu kila kona kama keki ya harusi. Silikoni ina mahali pake, kiwandani wenyewe wanaiweka kidogo kwenye kona fulani za tapeti kava na kwenye sampu. Lakini ikipakwa nyingi juu ya gasketi iliyokufa, ile inayominyika kwa ndani inakatika, inashuka kwenye sampu na kwenda kuziba chujio la pampu. Umezuia matone nje, umeua beringi ndani. Kazi sahihi ni gasketi mpya ya maana, nyuso zote mbili zikwanguliwe na kufutwa mpaka ziwe kavu, na bolti zikazwe kwa toki renchi kwa mpangilio, kidogo kidogo. Bolti za tapeti kava ni ndogo. Ukizikaza kwa nguvu za kukazia tairi, unakata uzi au unapindisha kava, na kuvuja kunaendelea.

Najua wengine mtasema: "Kaka, gari la zamani lote linavuja, we ongeza oili maisha yaendelee." Hili lina ukweli nusu. Injini ya miaka ishirini yenye unyevunyevu kwenye kiungo, inaokusanya vumbi lakini haidondoshi, ikiwa dipstiki haishuki, unaweza kuiacha na kuiangalia kila mwezi. Hiyo ni jasho. Lakini kuna mambo manne yasiyosubiri: oili inayodondokea ekzosi au turbo, maana gari linaweza kuwaka moto, oili inayolowesha taimingi belti, oili inayofika kwenye klachi, na oili inayopungua kiasi cha kufika alama ya chini kati ya huduma na huduma. Boksa ikiwa na oili kidogo, ukiingia kona kwa nguvu oili inakimbilia upande mmoja na pampu inavuta hewa. Beringi za konrodi zinakwenda, na sauti ya kugonga ikishaanza, unatafuta injini nyingine. Kwa hiyo anayeongeza tu bila kupima hajaokoa hela, ameahirisha bili.

Sasa nirudi kwenye ugomvi wangu wa mwanzo, sisi na mafundi. Hebu tujiulize kwa nini fundi anakimbilia kusema "tushushe giaboksi". Chukua fundi muaminifu kabisa. Ameosha injini, amelala chini ya gari, ameendesha, amerudi tena kesho yake, amepata kuwa ni swichi. Anakwambia bei ya swichi na bei ya kazi. Wewe mwenye digrii yako unamwambia nini? "Fundi acha utani, kufungua kidude hiki tu ndiyo hela yote hiyo?" Unampa nusu na unaondoka unajiona mjanja. Jirani yake aliyebahatisha, akashusha giaboksi, umemlipa bila kubisha kwa sababu uliona jasho na uliona vyuma chini. Fundi naye ana watoto. Amejifunza kwamba wateja hawalipii akili, wanalipia nati. Basi anafungua nati.

Hospitali hatufanyi hivi. Unalipa kumuona daktari, unalipa maabara, na majibu yakitoka huna ugonjwa humdai daktari akurudishie hela. Unashukuru. Lakini gereji tunataka vipimo vya bure na tiba ya bei poa. Halafu tunashangaa tunapewa tiba bila vipimo.

Mtu atauliza, je nikilipia uchunguzi na bado akabahatisha? Swali zuri. Ndiyo maana malipo ya tochi yawe na masharti. Kubalianeni bei ya kuosha na kutafuta peke yake, kabla ya mambo ya spea. Mwambie unataka kuonyeshwa kwa macho au kwa picha za simu: hapa pakavu, hapa panaanza kulowa. Siku hizi kila fundi ana simu yenye kamera, hakuna kisingizio. Akishindwa kukuonyesha, hajapata, na kazi ya kufungua haianzi. Akikuonyesha, mlipe, hata kama dawa yake ni kukaza bolti moja. Na baada ya matengenezo pasafishwe, uendeshe siku mbili tatu, urudi paangaliwe tena kwa tochi ile ile. Pakiwa pakavu, mnamaliziana. Hii inamlinda mteja na inamlinda fundi pia, maana hakuna atakayekuja kusema "hujatengeneza kitu" wakati picha za kabla na baada zipo.

Na wale mnaonunua gari mkononi mwa mtu, tumieni akili hiyo hiyo. Ukikuta injini ya WRX ya miaka ishirini inang'aa kama sahani ya mgeni, usifurahie haraka. Inaweza kuwa imetunzwa, inaweza kuwa imeoshwa asubuhi ile. Omba uendeshe nusu saa, kisha fundi wako aingie chini na tochi. Muuzaji asiye na cha kuficha atakusubiri.

Hapa sijadai kwamba wote tuwe mafundi. Nadai tuwe wateja wanaojua kununua utaalamu. Pale Gerezani, pale Kirinyaga Road Nairobi, wapo vijana wanaoijua EJ20 kuliko vitabu, na wanabahatisha kwa sababu soko letu halilipi anayetafuta. Tukianza kulipa tochi, watakaobaki na wateja ni wale wanaotafuta kwanza, na wenye kubahatisha watalazimika kujifunza. Tukiendelea kulipa nati, tutaendelea kushusha giaboksi kwa sababu ya swichi.

Naomba kutoa hoja.